Vyumba vya Nyuma pale Mitunguu

Mwalimu wa nasari alihama asubuhi, kabla jua la Mitunguu halijaanza kuuma. Alikuwa na godoro, jiko la gesi na masanduku mawili, vyote vikaenea kwenye mkokoteni mmoja. Kaimenyi alimshikia mlango. Hakumuuliza kitu. Mwalimu ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Mzee, usinichukie. Nyumba yako ni safi, maji yako hayakatiki. Ni dirisha tu."

"Najua."

"Nimejaribu. Niliweka pazia, nikaweka lingine juu yake."

"Najua, mwalimu. Enda salama."

Mkokoteni ukakata kona kuelekea barabarani, na chumba kikabaki wazi, kikinukia sabuni ya unga. Kaimenyi akakifunga. Sasa vyumba vyote vinne vya nyuma vilikuwa na kufuli. Vile vya ubavuni bado vilikuwa na watu, lakini hata huko alishaanza kusikia minong'ono ikikatika ghafla akipita.

Milango ya vyumba vya nyuma ilitazama uani, kwenye bomba la maji na kamba za nguo. Madirisha yake yalitazama upande wa pili, kwenye migomba iliyobaki. Na chini ya madirisha hayo, karibu kabisa na ukuta, ndipo alipozikwa Ruguru, mke wake.

Ploti ile ya vyumba vya kupanga ilikuwa ya Ruguru kuliko ilivyokuwa yake. Kaimenyi alizaliwa juu kwenye baridi, huko Imenti kwenye chai. Ruguru alikuwa mtu wa Manyatta, Embu, na Kaimenyi alimpata alipokwenda huko kama kibarua wa kuchuma kahawa kwa watu. Alimsikia akicheka kabla hajamwona. Walishuka Mitunguu wakiwa vijana, wakati watu wa juu waliona huku ni mahali pa mbu na mbuzi. Wakapanda ndizi. Maji yalikuja kwa mifereji kutoka mlimani, na usiku yalipopita shambani yalitoa sauti kama ya watu wanaoongea chumba cha pili. Ruguru aliipenda sauti hiyo. Alisema inamletea usingizi.

Kisha soko likaanza kukua. Zahanati ikaja, shule ikaja, malori ya ndizi yakaja. Kila siku Ruguru alipokaa na ndizi zake kando ya barabara, mtu mgeni aliuliza: mama, kuna chumba cha kupanga hapa karibu? Alijibu hakuna, hakuna, mpaka siku moja akajibu kipo. Jioni akarudi nyumbani na kumwambia mumewe, "Tunajenga."

"Tunajenga nini?"

"Chumba. Nimeshakipangisha."

Kaimenyi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mwezi ulipoisha chumba kilikuwapo, na daktari wa mifugo akalala ndani rangi ikiwa bado mbichi.

Hivyo ndivyo ploti ilivyokua. Fundi alikuwa Thuranira, rika la Kaimenyi, ambaye walitahiriwa pamoja na ambaye mpaka leo humwita hivyo tu, rika. Ruguru hakukopa. Aliuza ndizi, akanunua mawe. Akauza ndizi, akanunua mabati. Ukuta wa mwisho hakukubali ulainishwe. Alitaka mawe yabaki yametokeza kama meno, ili chumba kinachofuata kije kiumane nao. "Uache ukiwa na njaa," alimwambia Thuranira. Kila chumba kilikula mstari mmoja wa migomba. Migomba ilirudi nyuma, vyumba vikasonga mbele, na katikati yao mama yule alitembea na mpira wa maji, viatu mkononi, kana kwamba anachunga vitu viwili vilivyo hai.

Kaimenyi hakusoma, na hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kurekebisha bawaba, kuzibua mitaro, kupanda juu ya paa mvua ikivuja. Wapangaji walimpenda kama watu wanavyopenda kivuli: hawakukiona mpaka walipokihitaji. Mambo ya nani aingie na nani asiingie yalikuwa ya Ruguru. Mtu akija kuomba chumba, alimwambia kwanza akachote maji bombani anywe, maana jua ni kali. Mtu akanywa. Ruguru akaangalia kama atalifunga bomba mpaka mwisho. Likiendelea kutoa tone, alimwambia chumba kimeshachukuliwa.

Presha ilimwangusha mwaka jana, mvua ndefu ilipokuwa ikiisha. Hakurudi kutoka hospitali.

Asubuhi ya kuchimba kaburi, vijana walisimama na majembe yao wakingoja. Desturi ni kwamba mwenye boma ndiye anayeonyesha mahali. Kananu, binti yao, alikuwa ameshachagua kona ya mbali karibu na ua wa miiba, mahali pazuri, pasipo na njia. Kila mtu alijua. Ilibaki tu Kaimenyi atembee mpaka pale na kusema neno.

Lakini njiani aligeuza macho kwenye ukuta wa nyuma. Pale ndipo Ruguru alipokuwa akiweka kigoda chake mchana, kwenye kivuli, mpira wa maji ukiendelea kumwaga migombani. Kaimenyi alimwona. Hakumwona kama mzimu. Alimwona tu kama unavyoona kitu ulichozoea kuona. Fimbo yake ikainuka yenyewe.

"Hapa," akasema.

Vijana wakatazamana. Nani atabishana na mzee asubuhi kama ile? Jembe likaingia udongoni, na jembe likishaingia, basi.

Wapangaji hawakuwa watu wabaya. Waliimba mazishini, wakapika, wakalia kwa haki. Lakini wazee wa zamani, huku Meru na kule Embu, walihama nyumba iliyofiwa. Siku hizi watu ni wa kanisa na mambo hayo hayazungumzwi. Hata hivyo, kuimba kaburini ni jambo moja, na kulala dirisha likiwa wazi juu yake ni jambo lingine. Wa kwanza alisema amepata uhamisho. Wa pili alisema ni joto. Kaimenyi akafikiri, akaona dawa ni kuficha. Akazungushia kaburi mabati marefu mapya, yakapita urefu wa madirisha. Yakawa mabaya zaidi. Upepo ulipovuma mabati yaligonga, na aliye ndani hakujua ni nini kinachogonga. Wa tatu hakutoa sababu. Na sasa mwalimu.

Jumapili hiyo Kananu akaja kutoka Embu, anakofanya kazi ya ofisi na kuishi mtaa wa huko uitwao Dallas. Alipewa jina la mama yake Kaimenyi, kwa hiyo baba yake humwita Mama, kama ilivyo kawaida ya watu wa huku. Aliingia uani, akahesabu kufuli kwa macho, akavua viatu vya mji na kukaa barazani. Thuranira alikuwapo tayari, kikombe cha chai mkononi.

"Baba, tumezungumza jambo hili mpaka limechakaa," Kananu akasema.

"Zungumza tena, Mama."

"Tumhamishe Mama hapo nyuma, tumzike kule juu, kwenye shamba la chai. Ni kwetu pia. Chifu anajua. Watu wa afya wameshatoa kibali. Halafu hapa nyuma tujenge safu mpya, kila chumba na choo chake ndani. Siku hizi hata Mitunguu mtu anauliza choo kiko wapi kabla hajauliza jina lako."

"Alichukia baridi," Kaimenyi akasema.

"Baba. Amekufa."

"Hata hivyo."

Thuranira akakohoa ndani ya chai. Kananu akageuza uso, na aliporudi kuongea sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Unafikiri mimi napenda? Mama alijenga vyumba hivi kwa mgongo wake. Mimi nilimbebea mawe nikiwa na sare ya shule. Unataka niviangalie vikioza kwa sababu yake mwenyewe? Mwaka ujao hata vya ubavuni vitakuwa na kufuli. Halafu utakaa hapa peke yako na popo."

Kaimenyi aliangalia mikono yake. Alijua ni kweli.

"Mkimtoa," Thuranira akasema polepole, "shimo halikai bure. Linataka kitu kizikwe ndani. Mgomba. Ndivyo inavyofanywa, mnalaza shina la mgomba ndani kama mtu, mnafukia. La sivyo litaita mtu mwingine."

"Migomba si ipo?" Kananu akasema.

"Ipo. Lakini anayekata ni mwenye boma."

Wote wawili wakamtazama Kaimenyi. Jua lilikuwa limesimama juu ya ua, na nguo za wapangaji hazikutikisika kwenye kamba.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi."

Akainamisha kichwa kuonyesha amesikia. Wao wakachukua hiyo kuwa ndiyo. Pengine ilikuwa ndiyo.

Ijumaa, kazi ya asubuhi ilipokwisha, Kaimenyi alichukua panga akaingia migombani kuchagua shina. Ndani palikuwa na mwanga wa kijani, kama ule anaouona mtu aliyezama kwenye maji safi. Maji ya mfereji yalipita miguuni pake. Alisimama mbele ya mgomba wa kwanza. Huu Ruguru aliuleta kutoka Manyatta akiwa ameubeba mgongoni kama mtoto, na kondakta akamtoza nauli ya mtoto, wakacheka njia nzima. Akauacha. Wa pili ulikuwa mtoto wa ule wa kwanza. Wa tatu ulikuwa na mkungu ambao haujajaza. Akawa akienda na kurudi, panga likining'inia, na kila shina aliloligusa lilikuwa baridi na lenye maji ndani, likimrudishia mkono wake kama shavu.

Mwishowe alikaa chini. Joto likamlemea. Majani yalikuwa yakisuguana juu kwa juu, taratibu sana.

Ruguru akapita na mpira wa maji. Hakuwa kijana wala hakuwa mzee. Alimwagia mgomba mmoja, akaenda mwingine, na alipofika ukutani hakusimama. Akaingia tu ndani ya chumba cha mwalimu kama ambavyo mtu angeingia kwenye ukungu, akatoka chumba cha pili, akatoka cha tatu, na kila alipotoka dirisha lilikuwa wazi. Kaimenyi akamwita. Akageuka, akamwambia, kwa ile sauti yake ya kazi, "Umekaa huko nje unafanya nini? Ingia uone."

Akaamka. Siafu walikuwa wamepanda kwenye mguu wa suruali. Akawakung'uta, akainuka, akaenda uani na kufungua kufuli ya chumba cha mwalimu.

Hakuwa amewahi kuingia chumba cha nyuma tangu mazishi, ila kupokea ufunguo mlangoni. Sasa aliingia mpaka ndani. Akafungua dirisha.

Hakuona kaburi. Aliona mabati. Aliona mabati tu, yakiwaka jua, yakiwa yamefunga dirisha lote kama kifuniko cha sufuria. Akaketi kwenye sakafu mahali ambapo kitanda kingekaa. Bado mabati. Upepo kidogo ukaja, bati moja likagonga, na yeye mwenyewe, aliyelipigilia kwa mkono wake, akashtuka.

"Nimewafungia watu na kitu wasichokiona," akasema kwa sauti. Chumba kilikuwa kitupu na maneno yakamrudia.

Akachukua nyundo. Alitoa misumari mmoja mmoja, akayabeba mabati mpaka nyuma ya choo. Cicily, anayepanga ubavuni na kupika chapati za kuuza, alitoka na unga mikononi akasimama mbali.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natoa."

"Si ni kesho wanakuja?"

"Ni kesho."

Cicily alirudi kwenye chapati zake, lakini mlango aliuacha wazi.

Mabati yalipoisha, Kaimenyi alirudi chumbani na kutazama tena. Palikuwa na udongo ulioshuka na kuanza kuota majani madogo. Palikuwa na msalaba wa mbao. Nyuma yake migomba, na kati ya migomba maji yaking'aa hapa na pale, na mbali juu, mahali ambapo wingu lilikuwa limepasuka, kipande cha mlima cha rangi ya moshi. Alikaa akitazama mpaka kivuli cha ukuta kikafika msalabani. Kisha akaenda nyumba ya mbele, nyumba yao, inayotazama barabara, akaanza kubomoa kitanda.

Kananu alifika Jumamosi na gari la kukodi. Vijana wanne walishuka na majembe. Thuranira alikuja nyuma yao kwa miguu. Walikuta mlango wa nyumba ya mbele wazi na ndani hamna kitu, hata kalenda ya ukutani haipo.

"Baba!"

"Niko huku."

Alikuwa chumba cha mwisho cha nyuma, kile cha mwalimu, ameketi kwenye kitanda, dirisha wazi, anamenya ndizi iliyochemshwa.

Kananu alisimama mlangoni. "Hii ni nini?"

"Nimehamia."

"Umehamia wapi, Baba? Wewe ndiye mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba yuko hapo," akasema, na kwa kidevu akaonyesha dirishani. "Mimi nimepanga."

Thuranira akashindwa kujizuia. "Rika, na deposit umelipa?"

Kijana mmoja akacheka, akaona uso wa Kananu, akaacha.

"Nyumba ya mbele ipo barabarani," Kaimenyi akaendelea. Hayo yalikuwa maneno mengi kwake, na aliyatoa moja baada ya lingine kama mtu anayeshusha mzigo kwenye mkokoteni. "Cicily anatafuta mahali pa hoteli. Sebule yetu inamtosha. Na ule uwanja wa upande wa barabara, tulipokuwa tunaanika mahindi, jenga safu yako hapo, na vyoo vyako ndani. Ukuta una meno upande huo pia. Mama yako aliyaacha."

"Na hivi vyumba?"

"Hivi mimi nitakaa. Mtu akiniona naishi hapa, naamka, nanawa uso, atajua ni mahali pa kuishi."

"Hakuna atakayekuja."

"Labda."

"Baba, watu hawatakuja! Nitajenga mbele, na huku nyuma patabaki makaburi!"

"Kama hawatakuja mpaka mvua ya pili," Kaimenyi akasema, "nitakata mgomba mwenyewe. Sitakungojesha. Lakini kwanza niwe nimejaribu. Mwanzo sikujaribu kitu. Nilificha tu."

Kananu akaingia chumbani ili amkaripie vizuri akiwa karibu, na kwa kuwa hapakuwa na kiti ilibidi akae kitandani kando yake. Dirisha likawa mbele yake. Alikuwa hajawahi kukaa pale. Mabati yalikuwa yamemzuia, na kabla ya mabati, machozi.

Nje vijana walikuwa wameegemea majembe. Mahali fulani mtu alikuwa amefungulia maji shambani, na sauti ile ikaja, ikapita chini ya dirisha, ikaenda.

"Ningeweka maua," Kananu akasema baadaye, huku pua imemziba. "Si msalaba peke yake. Panaonekana pakavu."

"Weka."

"Na dirisha lipakwe rangi. Hii ni aibu."

"Paka."

Akapangusa uso kwa kiganja. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akawaambia vijana waende wapime uwanja wa barabarani kwa kamba, maana wameshalipiwa siku nzima na hatawaacha wakae bure.

Cicily alihamia mbele na sufuria zake. Malori ya ndizi yakawa yanasimama pale asubuhi, na hoteli ikawa na kelele ambazo nyumba ile haikuwahi kuzijua. Misingi ya safu mpya ikachimbwa. Huku nyuma palikaa kimya muda mrefu. Watu walikuja kuuliza, wakachungulia dirishani, wakaona mzee ananyoa ndevu kwa kioo kidogo na kaburi nyuma yake, wakasema watarudi. Hawakurudi. Mvua ya kwanza ikanyesha. Kananu alipiga simu na hakuuliza kama kuna mpangaji. Alizungumza habari za saruji. Kaimenyi alianza kuliangalia panga lake kila asubuhi.

Kisha akaja Mwiti, kijana wa mradi wa maji, mchafu wa matope mpaka magotini. Alizunguka nyuma bila kuitwa, akasimama kwenye kaburi, akavua kofia.

"Ni nani, mzee?"

"Mke wangu."

"Alikuwa mtu wa maneno?"

"Sana."

"Na sasa?"

"Sasa amenyamaza. Ni mimi nakoroma."

Mwiti akacheka. Akaangalia kile chumba cha karibu, akaangalia dari, akaufungua mlango na kuufunga. Alisema yeye hutoka kazini amechoka kiasi kwamba hata wafu wakicheza ngoma hatasikia. Akalala humo siku hiyo hiyo, dirisha akalifunga. Siku iliyofuata akalifunga. Kaimenyi alisikia tu komeo, kila jioni.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mvua imetoka kuisha na kila jani linadondosha maji. Kaimenyi alikuwa dirishani pake akitazama yale maua ya Kananu yaliyokubali kushika. Akasikia komeo la chumba cha pili likivutwa. Dirisha likafunguliwa, likagonga ukuta. Mkono ukatokea nje, juu ya udongo uliolowa, ukielekea kwake.

"Mzee, una kiberiti? Changu kimelowa."

Kaimenyi akakitafuta mfukoni, akajinyoosha kutoka dirisha lake, naye Mwiti akajinyoosha kutoka lake, kiberiti kikapita.

"Usikirudishe," mzee akamwambia. "Nina kingine. Lakini hilo dirisha usilifunge kwanza, hewa ni nzuri."

"Silifungi," Mwiti akajibu kutoka ndani, na harufu ya mafuta ya taa na kitunguu ikaanza kutoka.